Kwenda Kisiwani kwa Boti Isiyonguruma

Jumamosi, saa moja na dakika ishirini asubuhi, mimi na Baba tuliondoka Namuwongo kwa boda moja kwenda bandari ya Ggaba, ziwani. Boti yetu ya abiria ina injini ya dizeli iliyozeeka. Inakohoa, inavuja, na imemharibia Baba sikio la kushoto kuliko bunduki zote za jeshini alikotumikia zamani. Mama Neema, Mkongo anayeuza vitenge visiwani, boti yake sasa inakwenda kwa betri. Alituita tupande naye ili Baba aamue: abadilishe yetu au abaki na dizeli.

Saa mbili, Ggaba. "Afande! Leo masikio yako itapumzika," Mama Neema alicheka.

"Na abiria wangu? Wakisikia injini ndiyo wanashuka ufukweni. Hii yako inakuja kama mwizi."

Katikati ya ziwa. Niseme ukweli: darasani sijibu mpaka nitajwe, ila kwenye boti yetu huimba safari nzima, kwa sababu dizeli hufunika kila kitu. Kwa mazoea nikaanza. Nilikuwa kwenye ubeti wa pili nilipoona watu wote wamenigeukia. Nilitamani kuruka majini. Baba alikuwa amenitegea sikio lake zima.

"Kumbe wewe unaimba?"

Saa nne kasoro, kisiwani. Ufukweni hapakuwa na mtu. Bibi Akello, ambaye hutukabidhi gunia la mukene, dagaa wetu, tumpelekee mwanawe sokoni Nakivubo, tulimkuta nyumbani hata kamba ya gunia hajaifunga.

"Nyinyi mmetoka wapi? Sijasikia kitu!"

"Unaona?" Baba alimwambia Mama Neema. "Ningeondoka bila gunia. Mtoto wake angeuza nini?"

"Afande, honi si unayo? Umeizaa mwenyewe." Akaninyooshea kidole.

Kurudi, Baba aliinamisha sikio lake zima kwenye ukingo wa boti. Kumbe alikuwa anasikiliza maji. Tulipofika Ggaba akauliza, "Nikibadilisha, utaita watu?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Kwa mdomo."

"Ndiyo, Baba."

Nilidhani kelele ya dizeli inanificha kwa watu. Kumbe ilinificha hata kwa Baba, na botini hukaa hatua tatu tu kutoka kwangu.

Jumapili asubuhi tulikwenda na dizeli yetu. Karibu na kisiwa Baba akaizima ili tujaribu, boti ikateleza yenyewe. Akanitazama. Sauti yangu ilitoka nyembamba, ikakatika, nikaanza tena. Mlango wa kwanza kufunguka ulikuwa wa Bibi Akello, gunia tayari kichwani.