Ukoka wa Mkunga

Mume wangu hawezi kukaa kwenye meza inayocheza. Tukialikwa mahali, kabla hajashika kijiko ameshainama chini kutafuta mguu mfupi, na atakunja kipande cha boksi akisokomeze hapo mpaka meza itulie. Siku ya harusi yetu alimwinua shangazi yangu kitini, shangazi wa watu ameshajipanga kupigwa picha, eti kiti kimelalia upande. Shangazi hajamsamehe hadi leo. Kwa tabia hiyo watu walimpa jina la Pimamaji, kile kifaa cha waashi chenye tone la hewa linaloelea katikati, na jina likamganda mpaka hata mimi mkewe nikalizoea.

Kazi yake ni bustani, na katika bustani ugonjwa wake ni ukoka. Maua anapanda kwa sababu wateja wanataka maua. Ukoka anaupanda kwa raha zake. Akimaliza kuutandika, analala kifudifudi, shavu kwenye nyasi, jicho moja amelifumba, anaangalia kama kuna mahali palipoinuka. Majirani wapya humdhania ameanguka kifafa.

Jambo moja niliseme mapema, maana nikilificha nitakuwa sina tofauti na yeye. Chini ya ukoka aliotandika nyumbani kwa Mkunga kulikuwa na kisima. Kisima cha zamani, kirefu, kilichofunikwa kwa mbao na mabati, juu yake ukamwagwa udongo, na waliokifunika walishahama zao. Mkunga hakujua. Mimi sikujua. Pimamaji alikuja kujua, na akanyamaza. Mengi ya humu niliyaona kwa macho yangu, na yale ya moyoni mwake alinieleza mwenyewe baadaye, amekaa ukingoni mwa kitanda na viatu bado viko miguuni.

Mkunga alikuwa bosi wangu. Nilimpikia na kumfulia tangu siku alipohamia pale. Nusu ya mtaa ule ilipitia mikononi mwake, na hakuwa na haya ya kuwakumbusha. Mwenyekiti wa mtaa akileta ubishi kwenye kikao, Mkunga humwambia mbele za watu kwamba hata kuzaliwa alizaliwa kwa ubishi, alitanguliza makalio. Alipokaribia kustaafu alitaka kufanya sherehe uani kwake, na uani kwake kulikuwa na vumbi tupu. Nikamwambia, mama, ninaye fundi nyumbani, anakula chakula changu bure.

Pimamaji alianza kwa kulima uwanja wote na kuokota mawe. Kule mwisho, karibu na ukuta wa nyuma, jembe liligonga matofali. Alifukua kidogo akaona yamepangwa kwa mviringo, na ndani ya mviringo udongo ulikuwa laini. Akajiambia ni kitalu cha maua cha mtu wa zamani. Akang'oa matofali ya juu yaliyomzuia, akashindilia udongo kwa mguu, akaendelea. Hapo simlaumu. Hata mimi ningesema kitalu.

Kisha ukaja ukoka wenyewe, umekatwa pamoja na udongo wake na kukunjwa kama mikeka, umejaa kwenye lori. Alifunga uzi kwenye vigingi, akamwagia ardhi maji, akaanza kutandika kuanzia baraza la mbele, kipande kwa kipande, viungio vikipishana kama vya ukuta wa matofali. Kila kipande alikigongagonga kwa ubao kisha akajaza mchanga kwenye nyufa. Hakutaka mtu akanyage. Mkunga mwenyewe, aliyezoea kuamrisha madaktari, alizunguka kwa mlango wa jikoni kama mgeni.

"Mumeo huyu," akaniambia, "naona anataka tuombe ruhusa ya kupumua."

"Mama, mimi kwangu naomba ruhusa ya kusogeza kiti," nikamjibu. Tukacheka.

Ukoka ukashika. Alikuwa akiinua pembe ya kipande kimoja kimoja, taratibu, na akiona mizizi imegoma kuachia ardhi anatabasamu peke yake. Uani kukawa kijani mpaka watu wa njiani wanachungulia getini. Kule mwisho tu, karibu na ukuta, ndiko kulikomkosesha usingizi. Palibonyea. Si sana, kiasi cha kulaza sahani. Akafunua ukoka, akaongeza mchanga na udongo uliochekechwa, akaurudishia. Pakawa sawa. Baada ya mvua moja pakabonyea tena. Akaongeza tena. Mimi niliona ni mambo yake yale yale ya kipande cha boksi, nikamtania kwamba safari hii amepata meza ya kumtosha. Hakucheka, na Pimamaji huwa anacheka utani wangu hata ukiwa mbaya.

Nilipaswa kushtuka kwenye rola. Alikuwa amejitengenezea rola ya kushindilia nyasi, pipa lililojazwa zege na kutiwa mpini wa chuma, zito hasa, ukilisikia linapita hata vikombe vya jikoni vinaitikia. Asubuhi moja alilipitisha uwanja mzima, mistari imenyooka kama ya daftari. Alipofika kule mwisho akakata kona. Akaliacha lile eneo bila kuligusa, akalirudisha pipa kwenye njia ya matofali na kulizuia kwa jiwe. Mtu ambaye hawezi kuacha tambi moja nje ya sahani, ameacha kazi haijaisha! Nilikuwa na beseni la nguo kichwani, nikajisemea kachoka, nikapita.

Kumbe siku iliyotangulia alikuwa amechukua nondo, akaichomeka pale panapobonyea ajue udongo laini umefika wapi. Nondo ikaingia. Ikaendelea kuingia. Halafu ikamponyoka mkononi, ikatoweka yote, na baada ya kitambo akasikia maji huko chini. Aliniambia kwamba alibaki amepiga magoti, mkono uko wazi, na kitu cha kwanza alichofikiria ni kwamba sasa wataufukua ukoka wote. Wataleta malori. Watarundika vifusi juu ya nyasi, na sherehe ndiyo hiyo imekaribia. Kwa hiyo akaziba kile kitundu kwa kidole, akapapasa nyasi zikafunika, akapanga kusema baada ya sherehe.

Sasa kamba yangu ya nguo. Kamba ilifungwa kule mwisho, kutoka kwenye nguzo ya ukutani hadi kwenye mpera, kwa sababu ndiko jua linakokaa. Nikifika asubuhi na shuka za Mkunga, nakuta kamba imehamishiwa upande wa tangi, kwenye kivuli.

"Baba, nani kanihamishia kamba?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Alikuwa anafuta reki, hakuinua uso. "Kule utaniharibia nyasi."

Nilipandwa na hasira, siwezi kudanganya. Nilimpa za uso. Nilimwambia nyasi zake zinalala vizuri kuliko mimi, zinanyweshwa maji kabla ya mimi kunywa chai, na shuka za mama wa watu hazikauki kwenye kivuli. Nikaifungua kamba, nikaivuta mpaka kulekule, nikafunga fundo la kukomoa. Alisimama akinitazama nikitembea juu ya ule ukoka na beseni langu. Neno moja tu lilihitajika, na ni neno fupi.

Alichofanya ni kuleta ubao mrefu, ule wa kugongea nyasi, akaulaza chini ya kamba. "Pita juu ya huu," akasema, "tafadhali, mama. Nakuomba." Nikadhani anaombea nyasi. Nikapita juu ya ubao kila siku, nikienda na kurudi, nikianika na kuanua, na ubao ulikuwa ukinesa kidogo katikati. Nilikuwa naimba.

Siku ya sherehe Mkunga alitoka na gauni lake jipya, akauona ubao. "Ondoeni hilo libao, wageni watadhani bado tunajenga." Kamba ikatolewa, ubao ukatolewa. Turubai lilikuwa limesimamishwa karibu na nyumba, viti vikapangwa, spika zikaanza kukohoa. Na Pimamaji, amevaa shati lake la kola ngumu, akaenda kusimama kule mwisho na mpira wa maji usiotoa maji.

Akasimama. Watu wakala, yeye amesimama. Manesi waliofanya kazi na Mkunga wakacheza, yeye amesimama. Wakamtania kwamba bosi kaajiri mlinzi wa majani. Shemeji yake Mkunga, mtu mnene mwenye heshima zake, akabeba kiti kutafuta upepo kule ukutani. Nilimwona mume wangu akimzuia kwa mikono miwili, akicheka kicheko ambacho si chake, jasho limemlowesha kola. Watoto waliokimbizana huko aliwafukuza kwa ukali, na huyu ni mtu ambaye watoto wa jirani humpanda mgongoni. Nikampelekea sahani. Akanyoosha mkono kutoka mbali.

"Iweke hapo. Usisogee."

"Una nini wewe leo?"

"Sina kitu. Rudi kwa wageni."

Sahani ikabaki pale mpaka nzi wakaipata.

Jua lilipoanza kulegea, mpiga picha akataka picha ya wote. Alizungusha macho uani kote kama mnunuzi, na bila shaka macho yake yakatua kwenye ukoka mzuri kuliko wote, mzito, wa kijani kibichi, ambao haujakanyagwa na mtu. "Kule nyuma," akasema. "Wote. Warefu simameni, mama akae katikati." Na watu wakaanza kwenda. Walienda wakicheka, wamebeba watoto, wengine wamevua viatu wapate kuuonja ukoka. Nilikuwa mbele yao wote. Mimi ndiye niliyebeba kiti cha Mkunga.

"Jamani, nyasi bado hazijashika," Pimamaji akasema.

"Leo ziache zikanyagwe, baba," Mkunga akajibu kwa furaha. "Nimestaafu mara moja tu." Akanigusa bega. "Kiweke pale katikati, mwanangu."

Nikaenda kukiweka. Nilimwona mume wangu akiniangalia miguu, si uso. Kisha akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake, hata siku alipofiwa na mama yake.

"Kuna kisima! Rudini! Kuna kisima!"

Watu wakasimama. Mmoja akacheka. Mwingine akauliza kisima gani, na waliokuwa nyuma, ambao hawakusikia, wakawa bado wanasukuma. Nilihisi mgongo wangu ukisukumwa hatua moja, na nyasi chini ya kandambili zangu zikawa laini kwa namna isiyo ya nyasi. Pimamaji akanishika mkono akanivuta pembeni kwa nguvu mpaka kiti kikaniponyoka. Halafu akaikimbilia rola yake. Akalipiga teke lile jiwe, akainama nyuma ya mpini, akalisukuma pipa kwenye ukoka wake mwenyewe, moja kwa moja, kwenye ile sehemu aliyokuwa ameikwepa.

Ukoka ulibonyea kama godoro. Ulilibeba pipa kidogo, kiasi cha watu kudhani mtu huyu kalewa. Kisha ukaachia. Mpini ulielekea juu ukatoweka, na kukawa kimya, kimya kirefu ambacho kila mmoja wetu alikipima kivyake, ndipo sauti ya maji ikapanda kutoka huko chini. Mtoto mmoja akaanza kulia. Mkunga, ambaye ameona kila kitu ambacho mwili wa binadamu unaweza kufanya, aliketi chini palepale na gauni lake jipya.

Pembeni mwa lile shimo ukoka ulikuwa unaning'inia, na mizizi yake myeupe, mizuri, imeshika barabara. Kati ya nyasi nikaona kibanio cha nguo. Cha kwangu, cha bluu, nilichokitafuta siku mbili tatu zilizopita. Kilikuwa ukingoni kabisa.

Nikamuuliza mbele za watu wote, sikujali. "Ulijua tangu lini?"

Mikono yake ilikuwa bado imekunjwa kama imeshika mpini. "Tangu kabla hujairudisha kamba," akasema.

Sikumpiga. Nilidhani nitampiga. Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vyote vya sherehe, na hata vile visafi nikaviosha tena.

Kisima kilijazwa mawe, na Mkunga hakutufukuza, ingawa kwa muda mrefu alikuwa akimwita mume wangu "wewe" bila zaidi. Shangazi aliposikia alisema yeye alishajua tangu siku ya kiti. Pimamaji aliomba msamaha, akalia, na nilimwamini, kwa sababu machozi yake ni ya kweli na kilio chake ni kibaya cha kukwama kooni. Bado anatandika ukoka wa watu. Bado anainama chini ya meza. Tunakula pamoja, tunalala pamoja, ananichekesha na mimi namchekesha.

Ila tukienda mahali pageni, pakiwa na nyasi, au sakafu mpya, au hata njia ya kawaida tu baada ya mvua, huwa nasimama. Namwambia, "Tangulia, baba."

Naye hutangulia, wala haulizi kwa nini.