Mtoto Asiyechekeshwa

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Zinga ilipita miezi ambayo kumchekesha mdogo wangu lilikuwa kosa la kuchapwa. Wageni wakija, mama alimgeuza uso kifuani akasema mtoto ana usingizi. Jirani akipiga makofi na kumwita mchumba, mama alikumbuka kitu jikoni akaondoka naye. Mimi nilikuwa darasa la tatu, hodari wa kukunja uso na kutoa ulimi ili acheke, nami nikakatazwa hata kumkonyeza.

Chanzo kilikuwa meno. Damiani aliota mawili ya juu wakati chini hakuna kitu, na mimi ndiye niliyeyaona. Nilikuwa namlisha uji, kijiko kikagonga kitu kigumu. Nikamwita mama kwa furaha, maana jino la kwanza la mtoto ni habari ya nyumba nzima. Alikuja akicheka, akaingiza kidole, kicheko kikaisha. Akajikalisha kwenye mbuzi ya kukunia nazi, mtoto mapajani.

Kwetu pwani mtoto wa namna hiyo huitwa kigego. Wanasema kigego huchukua mtu wa kwao, awe baba, awe mama, awe yeyote anayempenda. Zamani waliachwa porini, na watu wakilisema hilo hushusha sauti. Siku zetu sisi walipelekwa mbali tu, wakalelewe na watu wasio na habari na meno yao.

Kilichonichanganya ni kwamba mama ndiye aliyekuwa mwalimu wetu wa mafundisho ya dini kila Jumamosi, pale barazani pa kanisa. Na mwaka uleule mtoto mmoja alikuwa amemuuliza kama habari za kigego ni kweli. Mama hakufikiri hata kidogo. Alisema Mungu hakosei kupanga meno, na kwamba aliyekupenda tangu tumboni hawezi kukutuma ukamuue mama yako. Tuliitikia wote, mimi kwa sauti kubwa kuliko wengine kwa sababu mwalimu alikuwa mama yangu. Sasa mama huyohuyo ananiambia, "Usimwambie mtu. Hata baba yako."

"Lakini mama, si ulisema..."

"Najua nilichosema."

Hofu yake aliielekeza kwa mtu mmoja, naye ni Bibi, mama yake baba, aliyeishi Msata. Bibi alikuwa Mwislamu wa swala tano. Mwanawe alipobatizwa ili amuoe mama, alikubali kwa shingo upande, na shingo ile haikuwahi kunyooka sawasawa. Akija kwetu alilalamika tangu anavua viatu: maji yetu yana chumvi, wali wetu ni bokoboko, watoto wetu hawajui kuamkia. Alibwia ugoro kwa siri na kila mtu aliijua siri hiyo. Mama aliamini kwamba Bibi akiyaona yale meno, neno moja tu kwa ukoo litatosha, kikao kitakaa, na Damiani atapelekwa asikokujua mtu. Baba alikuwa fundi seremala mwenye mikono mikubwa, lakini mbele ya mama yake alikuwa mtoto aliyetumwa dukani.

Basi tukangoja meno ya chini. Mama alikuwa na hesabu yake: ya chini yakitoka, nani atajua yapi yalitangulia? Kila asubuhi, kabla ya kufanya ishara ya msalaba, alipitisha kidole kwenye ufizi. Ulikuwa laini vilevile.

Mtoto hujifunza haraka. Mwanzoni Damiani alicheka kwa lolote, hata kuku akipita. Baadaye kicheko kikimjia aliangalia kwanza uso wa mama, akaona alichoona, akafunga mdomo. Nililiona hilo kwa macho yangu na liliniuma sana. Sikujua nimkasirikie nani, nikamkasirikia Mungu aliyepanga yale meno, kisha nikaogopa kwamba amenisikia.

Ubatizo uliahirishwa mara mbili. Mama alisingizia homa, akasingizia msimamizi kasafiri. Mwishowe padri akasema kwa utani kwamba kijana huyu atakuja kubatizwa na ndevu, na utani wa padri hauna jibu. Ikapangwa Jumapili inayofuata Pasaka. Bibi akaja toka Msata na kuku wawili na kanga mpya. Alisema dini ni yetu wenyewe, lakini sherehe ni ya mjukuu wake.

Mgeni haketi nyuma, kwa hiyo Bibi aliwekwa benchi la mbele, ushungi umefungwa vizuri, akitazama kila kitu kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Padri alihubiri habari za Tomaso. Alisema Tomaso alitia shaka na hakufukuzwa. Aliambiwa alete kidole chake aguse. Alisema wengi wetu tunaficha mashaka yetu tukidhani Mungu atatuchukia akiyaona, wakati anayapokea kama mzazi anavyompokea mtoto aliyejichafua. Nilimtazama mama. Alikuwa anatazama sakafu.

Maji yalipomwagwa, Damiani alilia. Mtoto akilia hawezi kuficha kitu. Mama akachukua kitambaa cheupe cha ubatizo, kile cha kuonyesha kwamba mtoto sasa ni safi, akamzibia nacho mdomo. Padri alidhani anaona aibu kwa kelele. Akakiondoa taratibu, akasema, "Mwache alie, mama. Mungu anapenda kumsikia." Damiani akapanua mdomo wote, uso kwa benchi la mbele, na nuru ya mlangoni ikaingia mpaka kooni.

Nyumbani kulikuwa na pilau na watu, na mama aligawa sahani bila kuona anampa nani. Bibi hakula. Aliketi uani kwenye mkeka, akaita, "Nileteeni mume wangu." Ndivyo alivyomwita Damiani, kama mabibi wote. Mama alisimama na upawa mkononi. Kisha akampeleka mwenyewe, nami nikamfuata nikiwa nimeshika kanga yake.

Bibi alimlaza mtoto mapajani, akaingiza kidole, akayagusa meno moja baada ya jingine. Nilimkumbuka Tomaso.

"Tangu lini?"

"Kabla ya Kwaresima, mama."

"Ukanificha mimi."

"Nilikuogopa."

Bibi aliguna. "Uliogopa ndiyo. Kigego huchukua mtu, hilo sikudanganyi. Tumelikuta na tutaliacha." Mama akaanza kulia. Bibi hakumtazama, alikuwa anazungumza na mtoto. "Unasikia, mume wangu? Mimi nimekula chumvi ya kutosha. Njoo kwangu mimi. Hawa waache."

Kisha akainama akampuliza tumboni. Damiani akageuza macho kumtafuta mama, kama alivyozoea. Bibi akampuliza tena. Mara ya tatu mtoto akacheka, kicheko cha miezi yote ile kwa pamoja, mdomo wazi, meno mawili nje mbele ya ukoo mzima. Bibi akatazama watu mmoja mmoja mpaka kila mtu akarudia sahani yake. Hakuna aliyeitisha kikao.

Meno ya chini yalitoka wiki chache baadaye, kama vile hayajachelewesha kitu.

Na kabla mvua za vuli hazijaanza, Bibi akafa. Alianguka uani kwake akianika mihogo. Habari ililetwa na binamu yangu asubuhi, na jioni tulikuwa tumeshamzika. Alikuwa na presha ya miaka mingi, na vidonge alikuwa akivitupa nyuma ya choo kwa sababu, alisema, vinamkausha mdomo na kuharibu utamu wa ugoro. Kila mtu alijua hivyo. Lakini pale msibani watu walimtazama Damiani, kisha wakatazama pembeni.

Mama aliniambia neno moja tukiwa tunaosha vyombo vya msiba, na nadhani hakujua kwamba anamwambia mtoto. "Bibi yako angesema nimtoe Damiani, ningemchukia, na imani yangu ingebaki nzima. Sasa kajitoa yeye, na kafa kweli, nifanyeje?"

Padri alikuja kumtembelea. Alisema maneno sahihi: ni presha, kigego ni ushirikina, Mungu hadai roho ya mtu kwa ajili ya meno. Mama aliitikia kila neno. Padri alipoondoka, mama alikaa na vikombe vya chai bila kuviosha mpaka alasiri. Mwaka ule hakufundisha tena. Aliporudi barazani, mtoto akimuuliza jambo gumu alinyamaza kwanza, na mimi nilimpenda zaidi alipokuwa ananyamaza.

Leo ni mimi ninayefundisha Jumamosi. Nawaambia watoto kwamba Mungu anawapenda kama walivyo, na naliamini hilo, siku nyingine kwa shida. Nikitaka kuwaeleza maana ya kumtegemea Mungu, sikumbuki mfano wa kitabuni. Namkumbuka mwanamke asiyewahi kufanya ishara ya msalaba, aliyeamini jambo baya kwa moyo wake wote na akasogea mbele likampate yeye. Kama Mungu aliliona hilo, sijui aliliitaje. Nimeuliza katika sala na sijajibiwa, nami sijaacha kuuliza.

Damiani ni mtu mzima, ana karakana ya friji mjini Bagamoyo. Akicheka huweka kiganja mdomoni. Mkewe hudhani ni haya. Yeye mwenyewe hajui kwa nini, na hatukuwahi kumweleza.

Juzi alinipigia simu, furaha imemjaa. "Dada, mwanangu kaota jino."

"La wapi?"

Lilinitoka kabla ya kumshukuru Mungu, mimi mwalimu wa dini. Akajibu, "La juu. Mbona unauliza?"

Nilikuwa nimesimama jikoni, nikajua sasa mama alihisi nini siku ile kwenye mbuzi. Nilitaka kumwambia amfunike mtoto. Nilitaka kumwambia asimwonyeshe mtu.

"Nauliza tu," nikasema. "Hebu mchekeshe nimsikie."

Akampuliza, nadhani tumboni, na mtoto akacheka mpaka simu ikakwaruza. Nami nikaweka kiganja juu ya simu wasinisikie, nikasema polepole, sijui kwa Mungu au kwa mtoto: "Njoo kwangu mimi. Hawa waache."