Nilivyomfuata Mkwe Asiyeumwa Hadi Juba

Ninyi vijana mtakaosoma haya, someni polepole, kwa sababu nimeyaandika polepole. Shule niliiacha nikiwa bado nahesabu kwa vijiti, na mkono wangu umezoea jembe kuliko kalamu. Mkiona kosa, nyamazeni. Nataka kuwaambia nilivyokwenda Juba, Sudani Kusini, miaka ile baada ya mkataba wa amani, kabla hawajapiga kura ya kujitenga, wakati kila kijana wa Bungoma aliyejua kushika spana au kukaanga chapati alikuwa anasema kazi ziko Juba.

Kilichonitoa nyumbani ni mkwe. Jina lake ni Wafula, na nitaliandika mara hii moja tu, maana kwetu mama mkwe hataji jina la mume wa binti yake. Hamshiki mkono, hali naye meza moja, halali chini ya paa lake. Yeye naye akiniona njiani huingia kwenye mahindi ya watu mpaka nipite. Ni heshima, na mimi naipenda, kwa sababu inapunguza maneno.

Sasa mtu huyo, kabla hajamwoa Nekesa wangu, alikuja kwetu na wajomba zake kujitambulisha, akashikwa na malaria hapo hapo. Akapewa vidonge vya dukani vyenye salfa. Kabla ya jioni uso wake ulikuwa umevimba kama unga wa mandazi uliosahauliwa, macho hayaonekani, pumzi inapita kwa taabu. Tulimkimbiza zahanati kwa baiskeli. Mganga akamchoma sindano, akasema dawa ya namna hiyo asiiguse tena maisha yake yote, kwani mara ya pili huenda tusimuwahi. Mahari ilizungumzwa siku nyingine.

Miaka ikapita. Nekesa akawa mwalimu wa watoto wadogo Juba, mumewe fundi wa jenereta. Siku moja Nekesa akanipigia simu.

"Mama, kuna watafiti wanataka watu wajitolee kumeza dawa mpya ya malaria. Amejiandikisha."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Hawataki wagonjwa, wanataka wazima."

"Sasa mzima anameza dawa ya nini?"

"Ya kuipima, Mama. Na ile habari ya kuvimba hajawaambia. Anasema ni mambo ya zamani, mwili umeshasahau. Anasema akiwaambia watamkata."

"Waambie wewe."

"Amesema nikimwaibisha mbele ya wenzake, hatutaelewana."

Ningempigia mwenyewe, lakini wazee wetu hawakuwahi kukaa wakaamua kama mama mkwe anaweza kumwingia mkwe sikioni. Nikaona ni heshima zaidi kusafiri. Nikamwachia mwanangu wa kiume ng'ombe, nikafunga kiondo, nikaondoka.

Malaba, mpakani, afisa mmoja kijana alitazama karatasi yangu, akanitazama mimi.

"Nyanya, unaenda Juba kufanya nini?"

"Kukohoa."

"Kukohoa?"

"Kuna mtu kule. Akisikia nakohoa, atajua."

Akagonga muhuri bila kuuliza tena. Nadhani naye ana mama mkwe.

Kampala nilipanda basi la Juba pamoja na wachuuzi na magunia yao ya vitunguu, magodoro, na trei za mayai zilizobebwa mapajani kama watoto. Kila mtu aliniuliza kama nakwenda kuuza. Niliposema nakwenda kumzuia mtu mzima asimeze dawa, mwanamke wa mayai alisema wale madaktari wananyonya damu ya watu wanene wakauze ng'ambo. Nikamwuliza kama aliwahi kuwaona. Akasema hapana, lakini jirani yake aliwahi. Majirani wa namna hiyo wengi nimewasikia maishani mwangu. Hata hivyo maneno yale yaliniingia, nikafika Gulu sijaonja hata ndizi.

Kuanzia Nimule, tulipovuka kuingia Sudani, lami ilituaga. Barabara ilikuwa vumbi jekundu na mashimo, na pembeni kulikuwa na mawe yaliyopakwa rangi nyekundu, maana yake mabomu ya ardhini hapo bado hayajaondolewa. Kondakta alitangaza kwamba anayetaka kujisaidia ajisaidie barabarani nyuma ya basi, asikanyage majani. Na wanaume wote, hata wale waliokuwa wakibishana naye tangu Kampala, walisimama nyuma ya basi kwa mstari, kimya. Hili nililiona siku ile kwa macho yangu: mtu akijua kweli kwamba jambo linaua, hatafuti maneno.

Juba tuliingia kwa daraja la juu ya Nile, jua likiwa limeshika mji mzima kama pasi. Basi lilitushusha Custom, lile soko kubwa ambako Mkenya na Mganda wanauza na mwenye nchi ananunua. Nekesa alinipokea, akanipeleka kwa jirani yake, Mama Nakato wa Uganda, muuza ndizi na karanga za kusaga. Chumba chake kilitazamana na cha Nekesa, uwanja mdogo katikati. Hapo ndipo ningelala, kwa sababu ya lile paa la mkwe.

"Jajja, karibu," akasema Mama Nakato, akinipa heshima ya nyanya ya kwao. "Mimi iko na kitanda moja. Wewe lala juu, mimi iko chini."

"Sikuja kukutoa kitandani mwako."

"Mafi mushkila. Hapa Juba hakuna shida. Lakini mukwe yako amesikia sauti yako, ametoka mbio na nyuma. Ameacha kiatu moja."

Kweli, ndara moja ilikuwa mlangoni, imelala kifudifudi.

Jioni Mama Nakato, huku akimenya ndizi, alinieleza mengine. Mkwe alikuwa akilala chumba kimoja na fundi mwenzake hapo mwanzo, kabla Nekesa hajaja. Malaria ikamchukua yule mwenzake upesi sana, wakamrudisha kwao juu ya lori. Tangu hapo mkwe alikuwa akisema dawa mpya lazima ipatikane, na mtu lazima aimeze kwanza. Hilo nililiheshimu. Lakini kulikuwa na lingine. Mafundi wote walikuwa wamekwenda kupimwa, na waliokataliwa waliitwa na wenzao spea kuukuu. Waliopita walipewa fulana ya kijani.

"Hiyo fulana, Jajja, amevaa mpaka kanisa. Amevaa kwa jenereta. Nekesa anafua usiku, asubuhi iko mbichi, anavaa."

Asubuhi tulikwenda Thongpiny, karibu na uwanja wa ndege, mahali penye ofisi nyingi za mashirika. Nekesa na mimi tulipanda boda boda moja, mkwe akatangulia kwa nyingine, na kila tulipomkaribia alimpiga dereva wake begani aongeze mwendo. Ilikuwa siku ya mwisho ya mahojiano, na jamaa za waliojitolea walikuwa wamealikwa kusikiliza na kuuliza. Kidonge chenyewe kingemezwa kesho yake.

Uani kulikuwa na viti chini ya turubai. Mkwe aliponiona nimekaa mstari wa mbele, akaenda kusimama nyuma ya tangi la maji. Tangi lenyewe lilikuwa jembamba. Fulana ya kijani ilitokeza pande zote mbili.

Daktari alikuwa msichana wa Kisudani, Achol, aliyekulia Kitale wakati wa vita, na Kiswahili chake kilikuwa chetu kabisa. Alisimama mbele yetu bila karatasi. Nami nilikuwa nimejiandaa kugombana, kwa hiyo nikaanza mapema.

"Daktari, dawa ni ya mgonjwa. Kwa nini mnampa mzima?"

"Shosho," akasema, kama vijana wa Kenya wanavyomwita nyanya, "mgonjwa ana homa tayari. Nikimpa dawa mpya, kichwa kikimuuma, nitajuaje ni malaria au ni dawa? Mwili mzima unaniambia ukweli. Unaniambia dawa inakaa damuni muda gani, na tumbo linasema nini."

"Na damu mnaipeleka wapi?"

"Maabara, ile nyumba pale. Mlango uko wazi, nenda ukaone."

Nilikwenda. Niliona friji, na kijana wa maabara akila mkate nje, mbali na vyombo vyake. Nikarudi nikakaa. Nikasikiliza yote. Alisema dawa imeshapimwa kwanza kwingine. Alisema hatari ipo na hataficha. Alisema mtu anaweza kukataa hata akiwa ameshakubali, na hakuna wa kumwuliza kwa nini. Basi, vijana, nilikuwa nimekuja na mwanamke wa mayai kichwani, na hapo nikamshusha.

Kisha daktari akauliza kama kuna swali lingine. Nikakohoa. Nyuma ya tangi fulana ilitikisika.

"Mimi sina mtu ninayemsema," nikaanza. "Nauliza tu. Kidonge chenu kina salfa?"

"Ndiyo, ndani yake ipo."

"Sasa tuseme mtu fulani, zamani, alivimba uso kwa dawa yenye salfa mpaka pumzi ikamshinda. Leo yuko mzima, ana misuli, anajipenda. Akimeza chenu?"

Daktari hakucheka. "Shosho, mtu huyo anaweza kufa, hata nikiwa nimesimama karibu naye na sindano. Kila mmoja nitamwita peke yake na nitamwuliza jambo hilo. Mashine yangu inaona damu, haioni zamani. Namtegemea yeye aniambie."

Sikutazama kwenye tangi. Nekesa alinishika kanga kwa nguvu.

Wakaanza kuitwa. Zamu ya mkwe ilipofika, alitoka nyuma ya tangi ameinamisha kichwa, akapita mbali nami, akaingia kwenye chumba cha daktari, mlango ukafungwa. Mwanamke wa usafi alituletea chai ya rangi yenye sukari nyingi.

"Mama," Nekesa akaninong'oneza, "na asiposema?"

"Nitakunywa chai hii. Ikiisha, naingia humo ndani, na desturi ibaki hapa nje inisubiri."

"Utamtaja?"

"Kwa jina lake na la baba yake."

Sijawahi kunywa chai polepole vile. Nilikunywa kama kuku, tone moja na kutazama juu. Nilimwona binti yangu akihesabu mafunda yangu ya chai kwa macho, na nilijua anahesabu nini: kama atarudi Bungoma na mume, au na lori. Chai ilipoa. Nilibaki na majani chini ya kikombe, nikaweka kikombe chini, nikasimama. Magoti yakalia.

Mlango ukafunguka. Mkwe alitoka na vesti tu. Fulana ya kijani ilikuwa imekunjwa kwapani.

Nekesa akaokota kikombe changu, akamrudishia mwanamke wa usafi. Mimi nikageuza uso ukutani upesi, kwa sababu mkwe alikuwa karibu mno, na desturi ilikuwa imerudi kazini.

Nyuma yake nikamsikia daktari akimwita. "We, fundi. Mbona umevua?"

"Si umenikata?"

"Kidonge hutameza. Fulana ni yako. Kumeza kila mtu anaweza. Mimi nahitaji watu wanaojibu. Vaa."

Sijui aliivaa na uso gani, maana nilikuwa natazama ukuta. Lakini alivaa, kwa sababu Nekesa alicheka.

Daktari akanijia. "Na wewe, Shosho? Tungekuwa tunapima wazee ungejitolea?"

"Bila wasiwasi. Mimi ni mzima kabisa, sijawahi kuumwa na chochote."

"Mama," akasema Nekesa, "na magoti? Na vidonge vya presha ulivyofunga kwenye pindo la leso?"

Daktari alimtazama Nekesa, akanitazama mimi, akatazama fulana ya kijani ikienda zake getini. "Kumbe ni ya ukoo," akasema. Nilimwambia Nekesa kwamba walimu wanaongea sana.

Jioni kwa Mama Nakato, mkwe alikuja akasimama upande wa pili wa ukuta wa mabati. Hakusema nami. Alisema na Mama Nakato, kwa sauti ya kusikika mpaka Nile.

"Mama Nakato, mwambie mgeni wako kwamba hii spea imekataliwa."

"Jajja, anasema spea imekataliwa."

"Mwambie spea inapumua. Na zahanati ya kwetu ilikuwa na sindano moja tu, ikaisha siku ile."

Halafu nikasikia mtu anacheka upande wa pili, kwanza polepole, kisha kwa tumbo. Baadaye Mama Nakato aliingia na samaki wa Nile mkubwa kuliko mkono wangu. "Mukwe amesema ni ya Jajja. Amesema kula, hakuna salfa."

Kurudi kulikuwa kwa njia ile ile, mawe mekundu upande wa pili sasa. Mwanamke mwingine ndani ya basi alianza habari ya madaktari wanaonyonya damu. Nilimwuliza kama aliwahi kuwaona, nikamweleza nilichoona mimi, mpaka akalala, au akajifanya.

Nilichojifunza ni hiki, na si kirefu. Watu wazima wanaojitolea mwili wao ili wagonjwa wapone, waheshimuni, mkwe wangu akiwamo, maana alikwenda kwa ajili ya rafiki aliyekufa. Lakini daktari hawezi kulinda mtu anayemficha. Anayejisifu kuwa mzima huku ameficha jambo hajampa daktari mwili wake, amempa fulana tu.

Nyumbani nilifika jioni, wote wamezunguka sinia, mwanangu wa kiume, mkewe na wajukuu, ugali unatoa moshi. Nikawaambia mikono juu, hakuna kukata. Kila mmoja aseme dawa iliyowahi kumkataa na maumivu anayoficha, mkubwa kwanza. Mkubwa ni mimi. Nikasema ya magoti, nikasema ya presha, nikafungua pindo la leso wakaviona vidonge. Kisha nikamgeukia mwanangu aliyekuwa akitazama dari, nikamwambia: "Sema. Ugali unapoa."