Mzigo wa Kiti cha Nyuma

Usiniulize kama nilikuwa nimelewa. Sinywi pombe, na siku hiyo hata chai ilinishinda kumeza. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Githongo, mtu wa kanisa, na haya ninayokueleza yalinipata mwezi wa saba, saa kumi na moja jioni, mbele ya nyumba yangu mwenyewe.

Mama yangu alikuwa amevunjika nyonga, akawekewa chuma. Alhamisi alitakiwa hospitalini Meru ili daktari aone kama mfupa unashika. Shida ilikuwa gari. Lilikuwa limelala upande wa kushoto nyuma, na kila shimo la barabara yetu lilimfikia mama mfupani. Safari ya mwisho alilia mpaka akazimia mikononi mwa mke wangu. Akaapa hapandi tena.

"Niache nilemae hapa nyumbani," aliniambia.

Ukiambiwa hivyo na mama yako mzazi, utalala usingizi gani?

Basi Jumatano nikatoka shuleni moja kwa moja hadi chini ya gari. Springi mbili mpya za nyuma, na shoki zake mbili. Kazi hii nimeifanya mara nyingi, kwa sababu fundi ukimpa gari kwa ugonjwa mmoja analirudisha na mitatu. Lakini jioni ile mwili wote ulikuwa unauma. Mchana nafundisha, usiku namgeuza mama kitandani, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mibuni. Nati za zamani zilikuwa zimeshika kutu. Nilizipigapiga, nikazimwagia mafuta, nikanung'unika maneno ambayo mwalimu hafai kusema.

Springi zikaingia. Nikashusha jeki, nikapima nafasi kati ya gurudumu na bodi kwa vidole. Kulia, vine. Kushoto, viwili.

Viwili! Na springi ni mpya! Nikainua tena, nikatoa ya kushoto nikaipeleka kulia, ya kulia nikaileta kushoto. Nikashusha. Kulia vine, kushoto viwili. Niamini, nilikaa juu ya jiwe nikataka kulia. Kesho ilikuwa Alhamisi.

Pale kwenye jiwe ndipo nilipoanza kujiuliza, hili gari lilianza kulala lini hasa? Nikakumbuka. Wiki tatu nyuma, nikitoka Mitunguu kule chini peke yangu, mzee mmoja alinisimamisha na mkungu wake wa ndizi. Alitaka kufika huku juu. Viti vilikuwa vitupu, buti tupu. Lakini nilikuwa nimechoka na maneno ya watu, nilitaka kuendesha kimya. Nikamdanganya.

"Springi zimekatika, baba. Gari halibebi mzigo."

Alinishukuru. Fikiria, alinishukuru! Nikaenda zangu.

Nilipoinua macho, kioo cha mlango wa nyuma kushoto kilikuwa na mvuke kwa ndani, kama mtu anapumulia humo. Vioo vingine vilikuwa vikavu. Nikafungua mlango. Mzee yule alikuwa ameketi, mkungu wa ndizi mapajani.

"Muga, mwalimu," alinisalimia, taratibu kabisa. "Umetengeneza?"

"Nimetengeneza, baba."

"Basi twende."

Utasema ungekimbia. Ungekimbilia wapi, na mama yako amelala ndani ya nyumba hawezi hata kujigeuza? Niliingia nikawasha gari. Njia nzima sikutazama kioo. Tulipopita kiwanda cha kahawa aliniambia, "Nishukishe hapo kwenye geti la mabati."

Nikasimama. Sikusikia mlango ukifunguliwa, lakini nililisikia gari likiinuka chini yangu. Nikageuka. Kiti kilikuwa kitupu.

Mama mmoja aliyekuwa akikata nyasi za ng'ombe pale getini akaja.

"Unatafuta nani, mwalimu?"

"Nimemleta... kuna mzee hapa wa ndizi?"

Akaweka panga chini. "Huyo alikuwa baba yangu. Tumemzika wiki tatu sasa. Alikuwa mgonjwa wa moyo na hakutaka tujue. Alikufa Mitunguu, kando ya barabara, akingoja gari."

Akaendelea, kwa sababu aliyefiwa anapenda kueleza.

"Mwenye duka la pale ndiye alimpa maji. Anasema maneno ya mwisho ya baba yalimhusu dereva fulani aliyeharibikiwa na gari. Alisema, maskini, sijui kama yule kijana atafika kwao."

Nikasema pole. Nikarudi garini.

Nyumbani nilipima: kulia vine, kushoto vine. Alhamisi mama alifika Meru bila kulia hata mara moja, na leo anatembea kwa mkongojo. Gari halijawahi kulala tena. Mimi ndiye sijapumzika.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukisimamishwa barabarani na umechoka, sema umechoka. Sema hutaki. Mtu atakasirika, atakusengenya, atangoja gari lingine. Usimpe uongo wa kumfanya akuonee huruma.

Yule binti wa mzee huwa namkuta barabarani siku za soko. Siwezi kumpita. Anapanda, anakaa nyuma kushoto, na kabla ya kushuka hunishika bega akamwomba Mungu anibariki, kwa kuwa madereva wenye moyo kama wangu wangekuwa wengi, baba yake angefika nyumbani. Nami husema amina.