Mawe Meupe ya Kambi ya Ziwani

Mpaka leo nikiona mawe yaliyopakwa chokaa mbele ya ofisi, hasira inanipanda. Watu wananiona nina kichaa. Waache.

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa mtaalamu wa maji, nimehamishiwa Kigoma kutoka Tanga, nimepanga chumba mtaa wa Buzebazeba. Nilifanya kazi kwenye kambi ya muda ufukweni, waliposhukia watu wa Burundi kabla ya kupelekwa kambi za bara. Maji machafu yote, ya jikoni na ya vyooni, yalipitishwa kwenye bwawa lililojazwa mawe, ndipo yakaingia ziwani. Hatua chache kutoka hapo akina mama walichota ya kunywa, kwa sababu bomba la kambi lilikuwa halikawii kukauka.

Mawe yale yalikuwa yameota utando wa kuteleza. Ndani ya utando kuna vijidudu vinavyokula uchafu. Bila huo, mawe ni mawe tu. Kazi yangu ilikuwa kupima vitu vinapenyaje humo. Nilibandua kipande nikakibana katikati ya mitungi miwili ya kioo, huku maji ya chumvi, huku maji matupu, nikasubiri chumvi itokee upande wa pili. Ilipenya polepole mno. Uchafu nao huingia hivyo hivyo, ndiyo maana maji yale hayakutakiwa kuharakishwa. Nikajaribu na maji ya chokaa. Yalipenya mpaka ndani, na nilipochungulia kwa hadubini hakukuwa na kilichotikisika.

Hema la mwisho karibu na bwawa lilikuwa la mama mmoja Mrundi, mjane, aliyevuka ziwa na mtoto wa mgongoni. Kama alikuwa na wengine hakusema, nami sikuuliza. Alipenda kuja kunitazama nikipima.

"Dada, makamasi haya unayapendea nini?"

"Ndiyo yanayomlinda mwanao."

Alicheka sana. Lakini tangu siku hiyo, mtoto yeyote aliyekanyaga mawe yale alimkimbiza kwa fimbo.

Kisha ukaja ugeni. Mkuu wa kambi akaamuru kambi ing'are: njia zifagiliwe, mawe yasuguliwe na kupakwa chokaa. Mawe yote, hata ya bwawani. Nikamfuata ofisini na mitungi yangu.

"Shikamoo, mkuu. Mawe ya bwawani yana kazi. Chokaa inaua utando mpaka ndani, nimepima mwenyewe."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, anacheka. "Wewe unataka wageni waone makamasi?"

"Watu wanakunywa pale chini, mkuu."

"Dada, wewe pima. Mimi naongoza."

Nilipofika kesho yake kazi ilikuwa imekwisha. Mawe yamesuguliwa kwa brashi na sabuni, yamepakwa, yanameremeta. Wageni wakasifu usafi, wakapiga picha, wakanywa soda, wakaenda zao. Hata bwawa hawakuuliza lina kazi gani. Nilipita hema kwa hema nikiwaambia wanawake wasichote pale, na wakichota wachemshe. Wachemshe kwa kuni zipi? Bomba lilikuwa kavu, na kiu haingoji mtaalamu.

Kuhara kukaingia kambini. Mtoto wa yule mjane alikuwa wa kwanza kuugua na wa kwanza kufa.

Kwenye kikao mkuu akasimama, shati limepigwa pasi, akasema wakimbizi ni watu wachafu kwa asili, tuwaelimishe kunawa mikono. Nilisimama mbele ya wote nikamwambia uchafu ule umetoka kwenye ndoo yake ya chokaa. Akanitoa nje. Wenzangu wakainamisha vichwa, wakakagua viatu vyao. Sijawasamehe nao.

Nikaenda kukaa bwawani. Maji yalikuwa yanapita juu ya yale mawe meupe na kuingia ziwani jinsi yalivyotoka chooni. Yule mama akaja, kitenge cha kumbebea mwanawe amejifunga kiunoni.

"Dada, naomba mawe machache. Haya meupe. Ni mazuri, nimzungushie mwanangu kaburi."

Angetaka nimweleze, ningemweleza. Hakutaka. Nikaingia bwawani nikayatoa mwenyewe, nikayabeba mpaka makaburini, nikayapanga naye. Chokaa ilinibaki mikononi. Tulipomaliza akanishika mikono hiyo hiyo miwili, akaniambia, "Murakoze, dada. Asante."