Saini ya Effie Rumbolt

Effie Rumbolt alikuwa na dirisha moja na kazi moja. Kila saa, dakika chache kabla haijatimia, aliweka kikombe chake cha chai chini akatazama nje ya kituo cha hali ya hewa cha Puncheon Cove. Akiuona mnara wa kanisa na si zaidi, aliandika upeo wa kuona: maili moja. Akikiona Kisiwa cha Gull, maili tatu. Akiuona mnara wa taa kule rasini, maili saba, na hapo marubani wanaovuka Atlantiki walijua kwamba injini ikiwagomea wana pa kushuka. Taarifa yake ilikwenda kituo kikuu cha Gander, ikavuka hadi Iceland na Ireland, na chai bado ya moto. Miaka ishirini na sita alifanya hivyo. Mimi nilikuwa dereva wa greda la theluji kwenye uwanja wa ndege hapo, na sikuwahi kumwona akikosa saa ya zamu yake.

Mwenzake wa kazi alikuwa Hedley Pardy, mume wa marehemu dada yake. Hedley alijaliwa mwandiko. Effie aliandika kwa penseli, mwandiko wa kuku kaparura, na kila Ijumaa Hedley alinakili yote kwa wino kwenye fomu kubwa, za kwake na za Effie. Effie alitia saini bila kusoma. Angesoma nini? Kwetu ukianza kukagua karatasi aliyokuletea shemeji yako, umeshamwita mwizi.

Kisha ukaletwa mtambo, bomba lililotazama juu na kupima ukungu bila mtu. Nchi zinazotumia njia ile ya anga zilikuwa na kamati, na kamati iliamua upimwe mwaka mzima, sambamba na watu. Kila saa iandikwe kwenye fomu zilezile ulichoona mtambo na alichoona mtu, na fomu ziende kwa kamati. Ukionekana unatosha, dirisha lifungwe na watu waende nyumbani. Na nyumbani kwenyewe kulikuwa na nini? Ulikuwa mwaka wa pili tangu serikali ipige marufuku uvuvi wa chewa, na nusu ya kijiji ilikuwa imekaa tu inatazamana.

Effie hakuhofu hata kidogo.

"Hilo bomba linaangalia utosi wake tu, Ambrose," aliniambia, akinikatia mkate na jamu. "Ukungu wa hapa haudondoki toka juu. Unaingia kwa mdomo wa bandari, chini chini, kama jirani anayekuja kukopa sukari. Likija kushtuka, umeshakaa sebuleni."

"Na likikushinda?"

"Likinishinda nitalipikia chakula cha jioni."

Mwaka ulikwisha. Machi ikaja barua kutoka kwa Steinunn, mama mmoja wa Iceland aliyekuwa kwenye kamati. Alikuwa akipokea taarifa za Effie tangu wote wawili wakiwa wasichana, na kila Krismasi walitumiana kadi. Aliandika kwa mapenzi kabisa: hongera, katika vituo vyote hakuna ambapo mtu na mtambo wamekubaliana kama Puncheon Cove. Mara tisini na tisa katika mia. Dirisha litafungwa mwezi Juni.

Effie aliisoma amesimama. Akaisoma tena. Halafu akauliza, kama anayeuliza bei ya unga, "Ambrose, tarehe kumi na moja Februari, ile ndege ya wagonjwa ilirudi kwa nini?"

"Ukungu. Si ulisema wewe mwenyewe? Mimi nilikuwa kwenye greda, sioni hata taa zangu."

"Na mtambo ulisema kweupe. Nakumbuka, nilicheka."

Akafungua kabati la fomu. Tarehe kumi na moja Februari, kwa wino mzuri sana: mtambo, maili saba, mtu, maili saba. Chini yake saini ya Effie Rumbolt. Akatoa daftari lake la penseli. Robo maili. Tukaendelea kulinganisha, Aprili, Juni, Oktoba. Palipotofautiana, penseli ilisema ukweli na wino uliufuata mtambo. Nilihesabu mara arobaini nikaacha, maana nilishaanza kutukana.

Hedley aliingia saa sita, kofia mkononi, akaona fomu zimetandazwa mezani.

"Effie, ngoja nikueleze."

"Nieleze, shemeji. Nina wasaa mpaka Juni."

"Nilidhani wanatupima sisi. Naapa. Nilidhani tukipishana na mashine watasema macho yetu mabovu, watatufukuza. Nilikuwa nakulinda."

Hapo ningeweza kumhurumia. Ni kosa la mtu mwoga aliyezoea kukaguliwa, na wengi wetu tungelifanya.

"Na ulipojua si sisi?" Effie aliuliza.

Hedley akaanza kuzikusanya fomu. Effie akaziwekea mkono juu.

"Ulijua lini, Hedley?"

"Agosti," akasema. "Mkuu wa kanda alinipigia. Alisema mambo yakienda vizuri watahitaji mtu mmoja wa kuufuta mtambo kioo na kuuondolea barafu. Mmoja tu."

"Ukaendelea."

"Ningekula nini? Wewe huna mtoto, Effie!"

Effie alikusanya daftari zake, akavaa koti, akatoka. Mimi ndiye niliyemwambia Hedley maneno ambayo padri hapaswi kuyasikia.

Kesho yake Effie alimpigia Steinunn simu kutoka karakana ya greda, akamsomea daftari kwa nusu saa.

"Nakuamini," Steinunn alisema. Nilimsikia, simu ile ilikuwa na kelele. "Lakini sikiliza, dada yangu. Nikilifungua hili, saini ni yako. Hawatafuta rekodi za mwaka mmoja tu. Watasema kituo kinaghushi, watafuta miaka yote ishirini na sita. Ukinyamaza, unastaafu kwa heshima."

"Na ndege?"

"Hiyo nakuachia wewe," Steinunn akasema.

"Basi fungua," Effie akasema.

Kamati ilifanya kazi yake. Mtambo ulipimwa upya mbele ya wageni, ukungu ukauumbua wiki ya kwanza, na nchi zote zikakubali kwamba Puncheon Cove ibaki na jicho la mtu. Hedley akafukuzwa. Effie naye akafukuzwa, kwa barua ileile, kwa sentensi ileile, majina yao yakifuatana kama washirika. Rekodi zake zote zikagongwa mhuri: zisitumike.

Dirishani wakamleta binti kutoka Halifax. Ni mpole na anajitahidi. Siku moja alimfuata Effie nyumbani, akamwomba amfundishe ukungu wa bandari. Effie alimkaribisha chai, akamweleza kila kitu, mchana kutwa, na yule binti akaandika.

Alipokuwa anaaga alisema, kwa aibu, "Mama, nisamehe. Nimekatazwa kuandika kwamba nimeyatoa kwako."