Jumamosi Baba Alipoingia Jikoni

Majuzi nilipita Kapkatet nikakuta lile duka la jirani yetu limegeuzwa kuwa la kuuza simu. Nilisimama pale mlangoni kama mtu aliyesahau alichotumwa. Hapo ndipo Baba alipojifunza kupika, rafiki yangu, na sijawahi kumsimulia mtu vizuri.

Kwetu jikoni palikuwa pa wanawake. Baba aliishia mlangoni, akanyoosha mkono, akapokea kikombe cha chai, akarudi zake kwa ng'ombe. Kisha mvua zikaanza, na asubuhi moja Mama akateleza kwenye mteremko wa majani chai, kapu limejaa mgongoni, akavunjika mguu. Akalazwa hospitalini Kaplong wiki nyingi. Kogo, mama yake Baba, akawa anashinda huko akimhudumia, akirudi usiku tumeshalala. Nyumbani tukabaki na Baba, mimi na wadogo zangu wawili.

Ugali wake wa kwanza ulikuwa uji. Wa pili ulikuwa jiwe. Siku ya nne mdogo wetu wa mwisho alisukuma sahani akalala bila kula, na Baba akakaa akiitazama ile sahani.

Jumamosi hiyo alinichukua twende dukani kununua chumvi. Mwenye duka alikuwa mama kutoka Nyeri, mkazi wa pale tangu ujana wake, na juu ya kabati la mikate aliweka televisheni ndogo. Mchana huo kulikuwa na kipindi cha mapishi. Mwanamke mwenye aproni nyeupe alikuwa anakaanga vitunguu, na mafuta yalilia mpaka ukadhani unayasikia puani.

"Baba, ni chumvi tu?" mwenye duka akauliza.

"Ngoja kwanza. Huyu anaweka nyama kabla vitunguu havijaiva?"

"Haiya! Vitunguu kwanza. Vikibadilika rangi ndio unaweka nyama."

Wanaume waliokuwa kwenye baraza wakacheka. Mmoja akamuuliza kama ameolewa. Baba aliona aibu, nilimwona masikio yakimwaka, lakini hakuondoka. Jumamosi iliyofuata alirudi, na mwenye duka akamwekea kigoda ndani, mbali na macho ya watu. Kwenye kipindi walitaja vitu vya ajabu, majani tusiyoyajua na jibini ya Wazungu. Baba akiuliza, yule mama anamjibu, "Wewe weka dania. Na hiyo maziwa yenu iliyolala ikaganda itatosha." Mimi nilikuwa karani, naandika nyuma ya karatasi ya unga.

Basi jioni moja Kogo alirudi mapema, akamkuta mwanawe amechuchumaa mbele ya moto, leso ya Mama kiunoni, anakoroga kuku na viazi. Moshi, harufu ya dania, sisi watatu tumepanga sahani. Kogo akashika kizingiti.

"Wewe! Nani amekuloga?"

"Mama, watoto wanakula," Baba akajibu. Hakusimama. Aliendelea kukoroga.

Kogo akaketi. Akapokea sahani. Alikula polepole mpaka mfupa ukabaki mweupe, kisha akasema, "Chumvi kidogo." Tukasubiri matusi, hayakuja. Asubuhi akaniamrisha nijaze bakuli, nilifunge kwa kitambaa, twende naye Kaplong.

Mama alionja akauliza ni jirani gani amepika. Kogo akatazama dirishani. Ikabidi niseme mimi: "Ni Baba."

Mama alicheka mpaka nesi akaja kutazama kuna nini. Halafu akalia, na huku analia anakwangua bakuli na kijiko.

Kogo ametutoka. Jiko lile la udongo lilibomolewa, na yule mama wa duka aliwafuata watoto wake Nakuru. Siku hizi mtu anajifunza mapishi kwenye simu, peke yake, hakuna wa kumuuliza wala wa kumcheka. Kuna kitu tumepoteza hapo, nadhani. Lakini ndugu yangu anawapikia wanawe huko Soin, mlango wazi, na majirani wanapita wanamsalimu kama kawaida. Na Jumapili nilipofika nyumbani nilimkuta Mama ameketi kivulini, anapiga kelele kuelekea jikoni: "Mzee, wageni wamefika, na sisi tuna njaa!"